Kaskazini Jiwe

Nkwimba alikuja na karatasi ya daftari
iliyokunjwa mara nane ndani ya nailoni ya sukari,
akaiweka juu ya kibodi yangu kama anaweka yai.
"Nichapie," akasema. "Ila usibadilishe neno."

Maneno yenyewe hayakufika thelathini:
Mimi Lugembe nimenunua kiwanja Igogo mlimani.
Mashariki mfereji wa maji, magharibi kwa fundi Mihayo,
kusini choo cha kanisa,
kaskazini jiwe.
Na alama mbili za dole gumba, na tarehe
ya mwaka ule ziwa lilipoingia Mwaloni.

Kaskazini jiwe. Basi.
Nani angeongeza? Jiwe lilikuwa kubwa kuliko nyumba.
Mijusi ya vichwa vyekundu ilipanga huko bila mkataba,
Lugembe alianika dagaa mgongoni mwake,
akanolea panga kwenye mshipa wake mwekundu.
Mungu ndiye aliyelipima, wala hakudai ada.

Siku hizi jiwe halipo.

Mume alilazwa Bugando wiki sita, na mke kando yake.
Huku nyuma jirani, Bituro, akalichomea matairi siku tatu,
akalimwagia maji, likalia kama ng'ombe.
Wanawake wa nyundo wakalipasua, wakalipima kwa debe,
na lori likauteremsha mpaka wa kaskazini mjini,
safari kumi na mbili.
Nkwimba alirudi na jeneza, akakuta mwanga mahali pa jiwe.
Arobaini haijaisha, ukuta wa Bituro
umeshaingia hatua sita.

Nilichapa barua ya madai. Jibu likaja na muhuri:
aliyevunja jiwe si Bituro.
Ni Kampuni. Bituro ni mkurugenzi tu.

"Huyo Kampuni anakaa wapi?"
Nikamweleza nilivyosikia mawakili wakisema dirishani kwangu:
Kampuni ni mtu, mama, ila hana kisigino.
Haugui, hazikwi, haoni haya.
Deni ni lake, wali anakula mwingine.
"Lakini Bituro alionekana, tairi begani!"
Aliyeonekana ni mkurugenzi, nikasema,
na mdomo wangu ukawa mchungu.

Barazani wakamuuliza kwanza yeye ni nani.
Jina la kwenye karatasi ni la marehemu.
Ndoa ilifungwa wapi? "Ukiriguru, kwa ng'ombe kumi na mmoja."
Cheti? "Ng'ombe hawaandiki."
Hata mwenyekiti alificha mdomo kwa faili.
Haya, aende Mahakama ya Mwanzo, ukoo ukae,
muhtasari uandikwe, shemeji asaini
(shemeji yuko Geita, anataka nauli),
tangazo libandikwe, siku zihesabiwe,
arudi akiwa msimamizi wa mirathi.

Alirudi. Miezi kumi na minne, ndara jozi tatu.
Nilikuwa nimemchapia kurasa arobaini na moja,
thelathini kwa mkopo.

Ndipo mwenyekiti akauliza, kwa upole kabisa:
"Mama, huo mpaka wenu uko wapi kwa sasa?"

Nkwimba akatazama miguu yake.
Akasema, baada ya matanga nilisakafia chumba cha uani
nipate mpangaji, watoto wasome.
Nilinunua kokoto barabarani, madebe thelathini,
sikuuliza zimetoka wapi; msiba hauulizi.
Zilipomwagwa uani nikaokota moja,
ina mshipa mwekundu, na alama ya panga.
"Upo kwangu, mheshimiwa. Nimeulipia. Risiti hii hapa."

Karani aliinua kalamu, akaishusha, akaiinua tena.
Wakili wa Kampuni akaomba ahirisho.

Hukumu bado. Mimi naweka karatasi mashineni,
nachapa alivyoagiza, neno halibadiliki:
kaskazini jiwe.
Mpangaji, kijana mshona viatu, hana habari.
Kila asubuhi anasogeza kitanda,
anaufagia mpaka,
vumbi lake analisukumia kwa Bituro.